Mgonjwa wa goti yuko Rombo, fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) yuko Moshi: simu iwekwe wapi?

Mto_Rau: Habari wakuu. Mgonjwa mwanamke, miaka 62, goti la kulia limesagika. Kashapimwa ana kwa ana Moshi mara moja. Anakaa Rombo na nauli ya kushuka kila wiki haipo, kwa hiyo anafuatiliwa kwa video ya WhatsApp. Simu anashika mjukuu, inatikisika, na goti linaonekana kwa mbele tu, hujui linakunja kiasi gani. Jioni baada ya mazoezi linavimba kidogo. Apunguziwe? Na nyumbani atumie uzito gani?

Fizio_Soweto: Mjukuu apewe kazi nyingine. Simu ilazwe kiupande, iegemezwe kwenye kitu kizito juu ya stuli, kamera iwe usawa wa goti, umbali wa mita 2 hadi 3. Mgonjwa akae ubavu kabisa, goti bovu lielekee kamera. Kamera ikikaa mshazari, pembe unayopima kwenye skrinishoti inakudanganya. Dirisha liwe upande wa simu. Likiwa nyuma ya mgonjwa utaona kivuli tu. Na dera hapana, kaptura au kanga iliyopandishwa juu ya goti.

Mtandao ukisumbua, arekodi sekunde 20 atume. Video ya hivyo unairudisha polepole, mara nyingi unaona zaidi kuliko mkiongea moja kwa moja.

Mimi ningeacha kuhangaika na pembe, nihesabu anasimama na kukaa mara ngapi kwa sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani, kiti cha sm 43 hivi. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya 12, yuko chini ya wastani. Kiti kiegemee ukuta na mtu asimame pembeni: vile vya plastiki vinateleza kwenye simenti. Kila wiki 2 rudieni, kiti kilekile. Kigoda sahau.

Marangu_Mtoni: Uvimbe usiuhukumu jioni ileile. Maumivu hadi 5 kwa 10 (0 ni hakuna, 10 ni makali kupita yote) wakati wa zoezi yanavumilika, mradi ndani ya saa 24 yarudi kama kawaida yake. Ndivyo wanavyofanya GLA:D, mpango wa mazoezi kwa wenye magoti na nyonga zilizosagika, ulioanzia Denmark mwaka 2013. Yasiporudi, toka seti 3 shuka 2, ila usimsimamishe kabisa, maana msuli wa mbele ya paja ukilegea goti ndilo linaloumia. Halafu muulize siku hiyo alifanya nini kingine. Mtu kashuka mteremko wa migomba na ndoo kichwani mara nne, lawama zinaangukia mazoezi!

Uzito: soksi yenye mchanga nusu kilo, ifungwe kifundoni. Akimaliza seti 3 za mara 12 bila mguu kutetemeka, ongeza robo. Mpira wa tairi la ndani la baiskeli nao unafaa, lakini ukaguliwe nyufa kila siku. Ukikatika unarukia usoni.

Fizio_Soweto: Nyongeza: goti likiwa la moto na jekundu pamoja na homa, likikwama lisinyooke, au kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, hakuna video. Hospitali siku hiyohiyo.

Mto_Rau: Shukrani. Hiyo sm 43 inapimwa wapi?

Fizio_Soweto: Sakafuni hadi ukingo wa mbele wa kiti. Kama kina mto, utolewe kwanza.