Chakacha ya bendi iingie folda ya pop au la?

Mpanga_Folda
Waungwana, salaam aleikum. Kuna nyimbo 1,200 za kupanga, ni maktaba ya dijei wa harusi za Majengo na hoteli za Nyali, hapa Mombasa. Folda zilizopo ni taarab, rumba, rege, injili, hip hop na pop. Hiyo ya mwisho imegeuka jaa: Bongo Fleva humo, "Jambo Bwana" humo, hata taarab ya kinanda humo. Sasa chakacha, ile ngoma ya harusini, ikipigwa na bendi iingie humo pia? Pop hasa ni ipi, na yapimwaje kwa kusikiliza kidogo tu?

FundiSauti
Neno lenyewe lamaanisha muziki wa wengi, lakini tangu miaka ya 1960, pop ilipoachana na rock huko Uingereza na Marekani, limekuwa pia jina la namna ya kutunga. Sikiliza umbo: ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, kipande kimoja tofauti, kisha kiitikio cha kufungia. Dakika 3 hadi 4, na kiitikio kiwe kimefika kabla ya dakika moja kuisha. Urefu huo ni urithi wa santuri ya inchi 7 ya mizunguko 45. Ukibana dakika nyingi upande mmoja sauti hupungua nguvu. Siku hizi Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa zikipita sekunde 30, kwa hiyo dibaji zinazidi kukatwa.

Taarab haina haraka hiyo. Ala peke yake zaweza kupita dakika nzima kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, na wimbo ukafika dakika 10 kwa sababu kiitikio hurudiwa watu wakiinuka kutuza. Ukiukata uwe wa dakika 3 hujapata pop, umemwacha mshairi na kina kimoja mkononi.

BintiMvita
Yakhe, wapima kitambaa kwa ratili. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab wa Mombasa, alichukua lahani za filamu za Kihindi akazivisha mashairi ya Kimvita. Zuhura Swaleh, naye mwimbaji wa taarab, akaitoa chakacha kwenye ngoma ya wanawake harusini, akaiingiza kwenye taarab pamoja na tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonyezo. Kuchukua kinachopendwa, kukipa sauti mpya na kukirudisha kwa watu, hiyo si pop? Au mpaka iwe fupi?

Kayamba
Nami nauliza. Them Mushrooms walitoa "Jambo Bwana" mwanzoni mwa miaka ya 1980, Boney M wa Ujerumani wakaja na yao 1983. Mbona ya Boney M huwekwa pop bila swali, na ya Mombasa ikaambiwa "ya kitalii"?

FundiSauti
Kayamba, hapo sina ubishi. Umbo ni lilelile, iingie pop. Binti, nawe una haki kuhusu historia, ila folda si cheo. Dijei hufungua pop akitafuta wimbo wa kuunganisha na mwingine, na chakacha itamwangusha. Ni 6/8: kila pigo la mguu lina vipande vitatu ndani. Programu nyingi za dijei hudhani kila kitu ni 4/4, yaani mapigo manne yanayogawanyika mawilimawili, basi wimbo wa mapigo 110 kwa dakika huonyeshwa 165, au 73. Ukiuamini huo usomaji, ngoma zitapigana katikati ya ukumbi. Gonga mwenyewe kwa kidole ukifuata mguu wa mchezaji, hesabu mapigo ya sekunde 15, zidisha kwa 4, uandike namba hiyo kwa mkono.

BintiMvita
Haya, la mapigo nalikubali. Na bango ya Mzee Ngala? Saksafoni, rumba na midundo ya Kimijikenda chungu kimoja. Msiniambie "nyinginezo".

MtunzaKanda
Bango ni bango, ipewe jina lake. Lakini mwagombania folda bure. Folda huuweka wimbo mahali pamoja, lebo ndani ya faili hubeba majina kadhaa. Toleo la kwanza la lebo za ID3, zile za faili za MP3, lilihifadhi aina kwa namba tu, kutoka orodha ya aina 80. Pop ni 13, "Other" ni 12, taarab haimo kabisa. Kwa hiyo pop ya faili za zamani huenda haikutoka kwenye sikio la mtu yeyote.

Toleo la pili lakubali maandishi. Tanguliza mtindo wenyewe, pop ifuate, maana programu nyingine husoma neno la kwanza tu. Matumizi (harusi, hoteli) yaandike sehemu ya maelezo. Chagua tahajia moja: ukichanganya Taarab, Tarab na Taarabu utazaa makundi matatu. Na nakili faili zote kwenye diski nyingine kabla ya kugusa chochote. Ukibadilisha lebo 1,200 kwa mkupuo ukakosea, mara nyingi hakuna kurudi.

Mpanga_Folda
Shukran. Bongo Fleva je?

FundiSauti
Jina hilo lataja mahali na zama kuliko mdundo, ndani mna rap na zouk pia. Lebo yake kwanza, pop ya pili kwa zile zenye umbo nililotaja. Singeli itenge kabisa: yakimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, ikijitokeza baada ya wimbo wa kumwingiza bibi harusi utajieleza mwenyewe kwa mashangazi.