Amplifaya ya mtumba inawasha nyekundu: nitengeneze hapa Kigoma, nitume Dar au ninunue mpya?

Mwana_Gungu
Wakuu, heshima kwenu. Nimechukua amplifaya ya gari ya chaneli nne kwa jamaa pale Mwanga, 120,000, imeshatumika. Kwake iliimba bila shida. Nimeifunga kwenye Probox inaendesha spika nne za milangoni. Mwanzo ilikuwa ukipandisha sauti inawaka taa nyekundu na kunyamaza, sasa ukiwasha tu ni nyekundu. Fundi mmoja anataka 45,000 afungue bodi. Mwingine anasema niitume Kariakoo kwa basi. Shemeji yangu anasema niiuze kwa bei ya skrepa niongeze hela nichukue mpya. Mngekuwa nyie?

Bodi_Kavu
Huyo wa 45,000 ameshika mita? Kama hajapima, muache kwanza. Taa nyekundu ina maana amplifaya imejikata isiungue, haikwambii ugonjwa uko wapi. Chomoa waya zote za spika na za RCA (zinazoleta sauti kutoka redioni), bakiza chanya, ethi (waya wa kwenda bodi ya gari) na rimoti (kawaya kembamba ka kuiwasha kutoka redioni) tu, halafu washa. Ikiwa kijani, amplifaya nzima. Tafuta spika iliyopiga shoti, au waya uliochunika pale unapopita kwenye bawaba ya mlango. Spika ya omu 4 kwenye mita inasoma 3 na ushee. Ikisoma karibu na sifuri, mchawi wako ndiye huyo.

Mama_Ujiji
Na ethi jamani! Watu wanaikaza kwenye bolti ya siti juu ya rangi, halafu wanalaumu mashine. Kwangua mpaka chuma king'ae. Kisha weka mita kwenye volti za DC, ncha moja ethi ya amplifaya, nyingine hasi ya betri, washa muziki. Ikizidi nusu volti, ethi mbovu. Chanya nayo, injini ikiwa inaunguruma, isome kama 13.8 hadi 14.4. Siku hizi kuna waya nene kwa macho, ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ujue umepigwa.

Kibirizi_Sauti
Mnamchosha bure. Auze, achukue mpya ya klasi D, aina isiyopoteza umeme mwingi. Hizo za kizamani za klasi AB karibu nusu ya umeme inaishia kuwa joto, D inafika asilimia 80 na zaidi. Betri ya Probox itamshukuru. Hiyo imeandikwa wati ngapi?

Mwana_Gungu
1200. Fyuzi mbili za 25.

Bodi_Kavu
Fyuzi hazidanganyi. Ampea 50 mara volti 14 ni wati 700 zinazoingia. Toa joto, zinatoka 350 hivi. Hiyo 1200 ni ya stika. Lakini 350 kwa spika nne za mlangoni zinatosha na kubaki, kwa hiyo Kibirizi, sioni sababu ya kuitupa. Hizo mpya za bei rahisi unazomtuma akanunue nazo zina stika zake.

Mwana_Gungu
Nimerudi. Ethi nimeikwangua, mita haifiki hata nusu volti. Spika na RCA nimechomoa zote. Bado nyekundu.

Bodi_Kavu
Basi ni ndani. Fyuzi zako hazikatiki, ndiyo maana nashuku transista za upande wa sauti kuliko mosfeti, transista za upande wa pawa unaopandisha volti za betri. Mosfeti zikifa huwa zinaondoka na fyuzi. Fundi apime kila transista kwa mlio wa mita, ikilia mfululizo ni shoti. Akikuta shoti ainyanyue mguu kwanza, maana zimeungwa pamoja na moja iliyokufa inafanya wenzake wote walie. Abadilishe jozi nzima, arudishe mika (kikaratasi kinachozuia umeme usiguse bati) na gundi ya joto. Akibandika moja tu bila mika, itarudi mezani wiki hiyohiyo.

Mama_Ujiji
Kusafirisha mashine yote mpaka Dar sikushauri. Agiza transista zenyewe, bahasha tu kwa basi, na mtu wako azichague kwa makini, feki ni nyingi. Kazi ya kulehemu inafanyika hapa Mwanga.

Dereva_Manyovu
Mbona mnamuwahisha bisibisi? Amrudie aliyemuuzia kabla hajafungua kifuniko. Skrubu zikishaguswa atasema umeiharibu mwenyewe.

Kibirizi_Sauti
Hapo Dereva umesema la maana.

Mwana_Gungu
Nimetoka kwake sasa hivi. Nimemuunganishia waya tatu tu kwenye betri yake mwenyewe, ikawaka nyekundu mbele ya macho yake. Kurudisha hela yote hataki, ila kanirudishia 40,000 na tumeandikishana. Naongeza 5,000 natengeneza hapahapa, kwa sharti fundi apime mbele yangu. Nikishaipata nifungeje kwa mara ya kwanza bila kuiunguza tena?

Bodi_Kavu
Pitisha chanya kwenye balbu ya breki ya wati 21. Ikimulika mara moja ikafifia, endelea. Ikikaa inawaka kwa nguvu zote, chomoa umrudishie fundi.

Mwana_Gungu
Spika ziwe zimeungwa?

Bodi_Kavu
Hapana. Pima kwanza volti za DC kwenye vituo vya spika vya amplifaya, zisome karibu na sifuri, la sivyo usiunge kitu.