Swichi na ruta za zamani: kipi kibaki, kipi kiuzwe, kipi kiwe taka?

Makorokoro
Wakuu, nina rundo la vifaa vya mtandao vilivyokwishatumika, naomba mnisaidie kulichambua. Kuna swichi mbili za Cisco Catalyst 2960 (WS-C2960-24TT-L), moja inadai nenosiri lisilojulikana. Ruta moja ya Linksys WRT54GL. TP-Link TL-WR841N tatu, mbili hazina adapta. Habu (ile inayorusha kila kitu kwenye porti zote) ya porti 8 ya 10 Mbps. Na kisanduku cha fiba cha kampuni ya intaneti. Mtandao unaotakiwa ni wa kompyuta 12, printa, kamera 6, seva ya mafaili na intaneti ya 100 Mbps.

FundiSwichi
Mali iko kwenye swichi, mkuu. Hizo zina porti 24 za 100 Mbps na mbili za 1 Gbps. Hesabu: kompyuta 12, printa na kamera 6 ni porti 19. Seva ikae Gi0/1, ruta Gi0/2 (ndizo hizo mbili za 1 Gbps). Swichi moja inakutosha, ya pili iwe akiba.

Kamera zisikutishe. Zikitoa 4 Mbps kila moja, jumla ni 24 Mbps. Panapouma ni kunakili mafaili: porti ya 100 hupitisha MB 11 hadi 12 kwa sekunde, kwa hiyo faili la GB 10 litakula kama robo saa, wakati kwenye 1 Gbps ni dakika moja na nusu hivi. Kama kuna wanaohariri video moja kwa moja kutoka kwenye seva, tafuta swichi ya gigabiti tupu. Tena modeli hiyo haina PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao), kwa hiyo kamera zitahitaji injekta, kifaa cha kuingiza umeme huo.

Nenosiri lisikuumize kichwa. Chomeka kebo ya konsoli kutoka kwenye kompyuta, na kwenye programu ya terminal weka kasi 9600, 8N1, bila udhibiti wa mtiririko. Zima umeme, shikilia kitufe cha Mode huku ukiwasha, usiachie mpaka taa ya SYST ipite rangi ya chungwa na kutulia kwenye kijani. Kisha andika flash_init, halafu delete flash:config.text (faili la mipangilio lenye nenosiri), halafu boot. Ikiuliza kuhusu mipangilio ya mwanzo, jibu no.

PortiNane
Fundi, umeruka vlan.dat, na hapo ndipo watu huumia. VLAN (mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya swichi) hazikai ndani ya config.text, zina faili lake. Ukifuta config.text peke yake, swichi inaamka haina nenosiri lakini VLAN za mwenye nayo wa zamani zipo palepale, pamoja na jina la domeni ya VTP (njia ya swichi za Cisco kupeana orodha ya VLAN) na namba ya marekebisho ya orodha hiyo.

Namba hiyo ndiyo bomu. Swichi ya mtumba yenye namba kubwa kuliko zenu, domeni ileile na nenosiri lilelile la VTP, ikiunganishwa kwa trunk (kiungo kinachobeba VLAN nyingi), itazifanya swichi nyingine zote zinazofuata VTP zipokee orodha yake ya VLAN na kutupa ya kwao. Porti zilizokuwa kwenye VLAN iliyofutwa zinakufa papo hapo, na haijalishi mgeni yuko kwenye hali ya client au server. Kwa hiyo ongeza delete flash:vlan.dat kabla ya boot. Ikishawaka, show vtp status: Configuration Revision isome 0. Kisha vtp mode transparent ili isipokee orodha ya wengine wala kuwapa ya kwake, usiwaze tena.

Na ile isiyo na nenosiri ifanyie hivyohivyo: write erase, delete flash:vlan.dat, reload. Hasa kama unaiuza. Nenosiri la aina ya 7 kwenye mipangilio ya Cisco hufumbuliwa kwa sekunde, ule si usimbaji wa kuutegemea.

BintiWaya
Upande wa ruta mimi ni mkali: kifaa kisichopata tena masahihisho ya usalama hakikai kati yako na intaneti. Hakuna "kwa muda tu". WRT54GL ina flashi ya MB 4 na RAM ya MB 16, OpenWrt ya sasa (programu huria ya ruta) haiingii humo. WR841N nyingi ni flashi MB 4 na RAM MB 32, nazo hazitoshi. Angalia toleo kwenye lebo ya chini, maana jina ni moja ila ndani hutofautiana.

WR841N moja itumie kama kituo cha Wi-Fi tu, ndani ya mtandao. Ipe anwani ya LAN iliyo nje ya zile zinazogawiwa na ruta kuu, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), chomeka kebo kwenye porti ya LAN (ya ndani), siyo WAN (ya intaneti). Ukichomeka WAN unapata NAT (kubadilisha anwani) mara mbili, na printa haionekani kutoka kwenye simu. Usalama wa Wi-Fi uwe WPA2 yenye AES. Ukiacha TKIP, usimbaji wa zamani, kasi inashuka hadi 54 Mbps ya karatasini.

Lehemu
Adapta: plagi zinaweza kuingia bila volti kufanana. Ya WRT54GL ni 12V. Usiichomeke kwenye WR841N eti kwa sababu imeenea, soma lebo kwanza. Volti ziwe zilezile, ampea zinaweza kuzidi, chanya iwe katikati. Ruta inayojizima na kuwaka mara nyingi ni kapasita ya karibu na tundu la umeme, kichwa chake kimevimba. Badilisha kwa mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, ya 105°C.

Makorokoro
Shukrani wakuu. Habu je? Nimesikia inafaa kunasa pakiti (kuchungulia data inayopita). Na swichi ya akiba niiwashe iwe tayari?

PortiNane
Habu ni taka. Kunasa pakiti swichi inafanya yenyewe kwa kunakili data ya porti moja kwenda nyingine: monitor session 1 source interface fa0/5, kisha monitor session 1 destination interface fa0/24. Fa0/24 haitabeba kazi nyingine wakati huo.

Ya akiba izime. Swichi ya wati 30 isiyozimwa ni kama kWh 263 kwa mwaka. Pakia mipangilio ileile, ibandike lebo, ifunike. Kisanduku cha fiba uliza kampuni kwanza: namba yake huwa imesajiliwa kwao, na mara nyingi hata si chako.

Lehemu
Habu peleka kwa wanaopokea taka za kielektroniki, usichome nyaya ili upate shaba. Adapta yake bakiza kama volti zake zinalingana na WR841N.