Nimemfokea mama akiwa leba, na mtoto wa mwingine alipofariki sikuhisi chochote moyoni. Naombeni ushauri

MkungaWaZamu
Habari za jioni wakuu. Mimi ni muuguzi mkunga, huu mwaka wa 9 nipo wodi ya wazazi, hospitali ya wilaya. Nimetoka zamu tangu asubuhi na usingizi umegoma.

Juzi usiku tulikuwa wawili, akina mama 11, vitanda vya kuzalia 4. Mmoja, uzao wake wa kwanza, aliniita "sista, sista" kila nilipopita. Saa 10 alfajiri nikamgeukia mbele ya wenzake: nyamaza, kwani wewe ndiye wa kwanza kuzaa? Akanyamaza kweli. Akauma ncha ya khanga, hakuniita tena mpaka kichwa cha mtoto kikawa kinaonekana. Alijifungua salama, ila angeweza kuvuja damu pale pale nisijue, maana nilishamkataza kuniita.

Kabla hakujapambazuka, mtoto wa mama mwingine akazaliwa bila kulia. Nilimpulizia hewa kwa ambubegi dakika 20, hakurudi. Nikajaza rejista, nikanawa mikono, na nilichowaza ni kama chai imebaki kwenye chupa. Zamani ningejifungia chooni nilie. Hilo linanitisha kuliko hata ule ukali.

Kazi hii naipenda. Niombe uhamisho niende zahanati, niache kabisa, au mimi ndiye mwenye tatizo?

Bibi Mkunga
Pole mwanangu. Mimi nimestaafu, nilizalisha miaka 34, na ganzi hiyo naijua. Shirika la Afya Duniani lilishaieleza mwaka 2019: mtu kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, kuona unachofanya hakisaidii. Hawakuiita ugonjwa, walisema inatokana na kazi yenyewe. Kwa hiyo usianze kujitafuta kasoro, anza na ile zamu: wawili kwa 11!

Enzi zetu mtoto akifariki, sista mkuu alituketisha chumba cha ripoti robo saa. Kila mmoja aseme alifanya nini na ameumia wapi, bila kulaumiana. Halafu ndipo unarudi wodini. Wewe na mwenzako mlikaa?

Kalamu ya Utumishi
Dada, likizo ya mwaka huu umechukua? Siku 28 ni haki yako, siyo hisani ya metroni. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na siku moja isizidi saa 12. Ukiingia saa 2 usiku ukatoka saa 4 asubuhi, umeshazipita.

Kuanzia leo andika kwenye kitabu cha ripoti, kila zamu: akina mama wangapi, wauguzi wangapi, umeingia na kutoka saa ngapi. Saini. "Tumezidiwa" mganga mfawidhi anaisikia kila siku. Kurasa za miezi miwili zenye namba atakwenda nazo kwenye kikao cha ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, kwa sababu hata yeye anahitaji kitu cha kuonyesha huko juu. Kama ni mwanachama wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, mshirikishe mwakilishi wenu mapema.

Mama Watatu
Naandika kwa heshima, na pole kwa uchovu. Mimi nilifokewa hivyo hivyo mimba ya pili. Ya tatu nilichelewa kwenda hospitali makusudi, nikajifungulia kwenye bajaji njiani. Namshukuru Mungu tulipona wote. Yule binti hajui habari za ikama, anachojua ni kwamba alifokewa. Kabla ya uhamisho, mtafute.

Nesi wa Pwani
Mimi ni nesi kutoka Mombasa, niko Uingereza tangu 2022. Nilikimbia uchovu uleule, nimeukuta huku. Vifaa vipo, lakini wauguzi ni pungufu pia. Kilichonisaidia ni kukaa na mshauri nasaha, mara sita. Hospitalini kwenu mshauri wa wagonjwa bila shaka yupo. Kaa kwenye kiti kile nawe. Kazi usiiache ukiwa umechoka hivi, pumzika kwanza ndipo uamue.

MkungaWaZamu
Shikamoo Bibi. Hapana, hatukukaa. Leo nimempigia mwenzangu, tumeongea karibu saa nzima, akaniambia yeye alilia kwenye daladala. Mimi nimelia tukiwa bado kwenye simu.

@Kalamu ya Utumishi, likizo ya mwisho ni mwaka juzi. Kesho napeleka barua kwa metroni, na daftari la zamu nimeshalinunua. Uhamisho nauweka kando kwanza.

Mama Watatu, nimekusoma mara tatu. Yule binti aliruhusiwa, ila hudhurio lake la siku ya 7 ni Alhamisi. Nimebadilishana zamu niwepo kliniki asubuhi hiyo.