Nimelala mahabusu usiku nne bila kufikishwa mahakamani. Naweza kudai fidia?

FundiWaKona
Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi simu. Alhamisi asubuhi askari wawili walinifuata kibandani na jamaa anayedai simu niliyokuwa natengeneza ni yake, iliibwa. Hawakunionesha karatasi yoyote. Nimetoka Jumatatu jioni, mahakama sijaiona. Bro alitoa 150,000 ya "dhamana" bila risiti. Kibanda kilikuwa wazi, simu mbili za wateja zimepotea. Nianzie wapi?

Mzee wa Busara
Samehe, mdogo wangu. Ukishindana na serikali utazeeka mahakamani.

Wakili_Mnyonge
Mzee, usimkatishe tamaa. Mkuu, kwa simu ya wizi askari wanaweza kukukamata bila hati wakiwa na sababu ya msingi, hapo usipoteze nguvu. Hoja yako ni zile siku nne. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ndani ya saa 24 ufikishwe mahakamani au upewe dhamana, na Ibara ya 15 ya Katiba inalinda uhuru wako.

Umeshitakiwa? Kama hapana, wasikudanganye kufungua madai ya kushitakiwa kwa hila. Hayo ni ya mtu aliyefunguliwa kesi na kesi ikaisha kwa upande wake. Wewe unadai kuzuiliwa isivyo halali. Na huyo mwenye simu muache, kama aliripoti kwa nia njema hana deni kwako.

Serikali haishitakiwi kwa kukurupuka: unatoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, ndipo unaenda Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Madai ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu.

Dada Neema
Hizo simu mbili una uthibitisho wa bei? Hasara halisi inathibitishwa shilingi kwa shilingi. Maumivu na fedheha ndiyo jaji anakadiria mwenyewe. Ada ya wakili ikikushinda, tafuta watoa msaada wa kisheria, wapo kwa Sheria ya 2017.

FundiWaKona
Wateja naandika kwenye daftari na wanasaini. Ile 150,000 bro alituma kwa simu, meseji anayo.

Wakili_Mnyonge
Asiifute! Dhamana ya polisi haiuzwi. Ila kabla ya kukimbilia TAKUKURU aongee na wakili, maana mtoa rushwa naye ana kosa. Walikupa karatasi ya dhamana?

FundiWaKona
Walinipa. Ilikuwa mfukoni mwa suruali, mke wangu kaifua jana. Namba ya jalada inasomeka kwa mbali, tarehe ya kukamatwa imefutika.

Dada Neema
Yesu wangu! Ianike kivulini, usiipige pasi. Piga picha sasa hivi. Na majina ya uliolala nao humo yaandike leo, kabla hujayasahau.