Siku kumi Uingereza na mama, wapi twende na wapi tuache?

mwana_kaole
Habari za humu wakuu. Mwisho wa Oktoba tunasafiri mimi na mama kwenda Uingereza, dada yangu anaishi Leicester na ndo katuita, siku kumi tu. Mama ana miaka 66, hajawahi kupanda ndege, na goti la kulia linamsumbua hasa kwenye ngazi. Yeye anasema popote mtakaponipeleka sawa, ila mimi sitaki arudi Bagamoyo anakumbuka foleni na baridi tu. Dada kashapanga ratiba ndefu hatari, London siku tatu, Stonehenge, Manchester kuona uwanja, Brighton baharini, mpaka Scotland kwa treni. Mliofika huko naombeni mnieleze ukweli, wapi panalipa na wapi picha ni nzuri kuliko penyewe?

mnazi_mkinda
Mkuu, Scotland itoe kabisa, siku kumi haziruhusu. Halafu kumbuka Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, kuanzia hapo kabla ya saa kumi na moja jioni jua limeshazama, kwa hiyo siku yenu ya kutembea ni fupi, mkitoka nyumbani saa tano mmeshaikosa.

Stonehenge nilienda na mke wangu mwezi wa kumi na moja. Kutoka London Waterloo mpaka Salisbury ni kama saa moja na nusu kwa treni, pale stesheni ukapande basi la watalii, ukifika mapokezi kuna kibasi kingine cha kukusogeza kwenye mawe yenyewe, na ukishafika hugusi, kuna kamba, unazunguka kwa mbali. Ile sehemu ni uwanda mtupu, hamna mti hamna ukuta, upepo ulipindua mwavuli wetu vyuma vikatoka nje. Mke wangu alikaa dakika ishirini akarudi kwenye basi. Mimi nilibaki na kusema kweli nilipapenda sana, yale mawe yana zaidi ya miaka 4,000 na yale madogo yalitolewa Wales, zaidi ya kilomita 200, enzi hizo hamna lori hamna kreni, unasimama pale unajiuliza waliyaburuta vipi. Lakini kutokea Leicester na goti la mama, siku nzima itaishia njiani. Iacheni.

London msijibane na treni za chini, stesheni nyingi za zamani ni ngazi tupu, kwenye ramani tafuta zenye alama ya kiti cha magurudumu. Mabasi ndo ya mama, yote sakafu iko chini, anakaa dirishani anauona mji, na ukibadilisha basi ndani ya saa moja hulipi tena, ila kila mtu agonge kadi yake.

likoni_ferry
Mimi wa Mombasa niongelee Brighton. Mtu wa pwani akisikia bahari anafikiria mchanga, pale hamna mchanga, ni kokoto mwanzo mwisho, mviringo kama mayai, ukikanyaga mguu unateleza, mtu mwenye goti bovu asishuke kabisa. Niliumia moyo siku ile maana nilivua viatu kwa furaha nikavivaa tena hapohapo. Ila lile gati lao refu la mbao limenyooka, mama anaweza kutembea taratibu na mabenchi yapo, mkanunua samaki na chipsi. Mle huku mmefunika chakula, shakwe wa kule si kama hawa wetu, nilimwona mmoja kashuka kama jiwe akanyakua kipande cha samaki mkononi mwa mtoto, mtoto kabaki na karatasi. Kama siku hazitoshi msiende, bahari mama anayo nyumbani.

dada_wa_belgrave
Jamani mbona hamna anayeitaja Leicester yenyewe? Mimi naishi hapa mwaka wa tisa. Mama apelekwe Belgrave Road, taa za Diwali zinawashwa majira hayohayo, barabara nzima inang'aa, na kwenye yale maduka kuna wazee wa Kihindi waliozaliwa Kampala, Mombasa, Dar, wengine walifukuzwa na Amin mwaka 1972, Kiswahili bado wanakiongea. Muulize mogo, ni mihogo yetu ya kukaanga, jina wamelibeba kutoka kwetu. Na hapa ndo walipomkuta mfalme Richard wa Tatu chini ya maegesho ya magari mwaka 2012, alikufa vitani 1485, wakamzika upya kwenye kanisa kuu mwaka 2015. Kote huko ni karibu na ni tambarare.

Kuhusu London, ulipotaja Bagamoyo nimeshtuka. Mpeleke mama Westminster Abbey, kaburi la Livingstone liko pale katikati ya kanisa. Si unajua mwili wake ulipitia kwenu? Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliubeba tangu Chitambo alikofia, Zambia ya leo, moyo wakauzika kule chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakatembea miezi tisa mpaka Bagamoyo Februari 1874. Jumapili watalii hawaingii, ni ibada tu, na kiingilio hakiko chini, ila kwa huyu mama mlipie.

mwana_kaole
Wakuu tumerudi, nimeona nisipotelee mitini. Scotland, Stonehenge na Brighton tulizifuta, dada alinuna siku moja. Uwanja nao tuliacha.

Kilichotuumiza ni Jumapili ya kwenda London, njia ya reli ilikuwa inatengenezwa, tukashushwa na kupakiwa mabasi, saa mbili zaidi, mama anatetemeka kituoni na hamna aliyetuambia mapema. Walinzi wa ikulu nao, tulisimama saa nzima tukaona kofia tu kwa nyuma ya vichwa vya watu. Mama hakulalamika ila nilimwona.

Abbey tuliingia Jumanne. Jiwe liko sakafuni, watu wanapita pembeni. Nikamtafsiria maandishi, kwamba aliletwa na mikono ya waaminifu kupitia nchi kavu na bahari, huyu hapa Livingstone. Mama akauliza, "Hiyo mikono majina yake yameandikwa wapi?" Nikasoma tena lote, hayamo. Akasimama kimya, goti na yote, kisha akayataja mwenyewe kwa sauti, Chuma, Susi, kama anavyotaja marehemu kwenye hitma. Mzee mmoja wa pale akasogea kutuuliza kama tunahitaji msaada, nikamweleza mama anatoka wapi, akamletea kiti.

Na Belgrave alikaa dukani kwa bibi mmoja mzaliwa wa Tanga karibu saa mbili, wanaongea bei za nazi.

dada_wa_belgrave
Umeniliza dada. Duka lipi hilo, lile la kona lenye mabati ya mafuta nje?

mwana_kaole
Hilohilo. Na Jumamosi hii mama anataka nimpeleke misheni pale Bagamoyo, ule mnara waliolaza mwili. Amepita nje yake tangu mtoto, hajawahi kuingia.