Naomba ushauri: kibali cha ukaazi kinaisha, cha kazi hakijatoka

Ndugu wanakikundi, salaam kutoka Uyole, Mbeya. Mimi ni Mkenya, mwalimu wa Fizikia katika shule binafsi, na ninaishi hapa kwa kibali cha ukaazi Daraja B (cha wageni walioajiriwa) ambacho muda wake unaisha mwisho wa mwezi huu. Kwa utaratibu wa sheria ya ajira kwa wageni ya mwaka 2015, kibali cha kazi ndicho hutangulia. Mwajiri wangu aliomba kihuishwe mapema, ada ikalipwa kwa namba ya malipo, lakini kila tukifungua mfumo tunakuta neno lile lile, "linashughulikiwa". Nimeulizia dirishani nikaambiwa nisubiri, jibu ambalo sidhani litanisaidia nikisimamishwa njiani. Pasipoti nayo imebakiza miezi michache, na nikiibadilisha sasa namba yake itatofautiana na iliyoandikwa kwenye ombi.

Je, stakabadhi ya ombi inatosha kunilinda, au niombe pasi maalumu (ruhusa ya kukaa nchini kwa muda mfupi) kabla kibali hakijaisha? Na pasipoti niibadilishe sasa au nisubiri? Ningependa zaidi kumsikia aliyeyapitia haya akiwa huku Nyanda za Juu Kusini, maana walioko Dar es Salaam hushauri kana kwamba kila ofisi iko mtaa wa pili.